Nani Aliagiza Foleni?

Wanaoandika programu hulipita swali hili kila siku: huu mpangilio ni wa nani?

Chukua duka la mtandaoni. Meneja anataka kitu kimoja tu, jumla ya mauzo ya mwezi. Mwandishi wa programu anaitisha rekodi zote na, kwa mazoea, anaongeza ORDER BY: zije zikiwa zimepangwa kwa tarehe, kisha azijumlishe. Lakini jumla haijali nani alitangulia. Ukihesabu magunia ghalani, kwani unaanza kwa kuyapanga kwa kimo?

Na kupanga kuna bei. Kujumlisha rekodi milioni 1 ni kuzipitia mara moja. Kuzipanga ni kuzilinganisha mbilimbili, karibu mara milioni 20. Nafasi ya kumbukumbu ikiisha, hifadhidata inahamishia kazi kwenye diski, na hapo ndipo unaona kale kaduara kanazunguka tu. Utaniambia mashine haichoki. Sawa, lakini nyuma yako kuna mtu anayengoja seva hiyohiyo, na hajui kwamba anangojea unadhifu ambao hakuna atakayeutazama.

Edgar Codd, alipopendekeza mfumo wa majedwali mwaka 1970, alisema wazi kwamba mpangilio wa safu hauna maana. Sisi ndio tuliorudisha foleni. Wakati mwingine hata bila kujua: UNION huondoa marudio, kazi ambayo mara nyingi hufanywa kwa kupanga kwanza. Mauzo ya Januari na ya Februari yenye tarehe zake hayawezi kurudiana, basi UNION ALL inatosha, inabandika tu.

Ila kuna upande wa pili, na huu ndio unaonisumbua zaidi. Kwa miaka mingi MySQL ilipanga matokeo ya GROUP BY bila kuombwa. Toleo la 8.0, mwaka 2018, likaacha. Aliyeitegemea zawadi hiyo kimyakimya hana wa kumlaumu. Hakuwahi kuandika kwamba anaihitaji.

Maana kuna anayeihitaji kweli. Orodha ya wagonjwa wanaosubiri zahanati si ya kubahatisha, aliyefika alfajiri lazima aitwe kabla ya aliyefika saa nne. Hapo andika ORDER BY bila aibu, na ujenge faharasa juu ya saa ya kufika, ili hifadhidata isome foleni ambayo tayari imesimama.