KUSIKIA AU KUSOMA? SWALI KWAKO KIJANA

Kijana mwenzangu, wewe uliyepokea karatasi hii njiani, nina swali moja tu. Neno la Mungu umelisoma, au umelisikia tu?

Najua utanijibu, "Aa, mtumishi, mbona mimi nasikia kila siku! Kwenye daladala wanapiga injili, jirani ana redio, na Biblia ya sauti imo kwenye simu." Sawa, sikulaumu. Paulo mwenyewe aliwaambia Warumi (10:17) kwamba imani huingia kwa mlango wa sikio. Barua zake zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa (Wakolosai 4:16), maana wengi siku zile hawakujua kusoma. Ezra naye alisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, na watu wakalia machozi (Nehemia 8). Kwa hiyo bibi yako asiyejua hata "a" hajapungukiwa kitu. Usimdharau!

Lakini wewe umeenda shule. Sauti inapita, ndugu yangu. Unasikiliza huku unakata vitunguu, na ule mstari wa kukuchoma moyo umeshapita kabla hujajiuliza unasema nini. Kitabu kinakungoja. Unarudi mara ya pili, unaona neno "lakini" ambalo halikukaa sikioni.

Tena kuna hatari nyingine: anayekusomea ndiye anayekuchagulia. Atakusomea baraka, msalaba ataruka. Watu wa Beroya walimsikia Paulo, mtume mzima, wakampokea kwa moyo, halafu kila siku wakachunguza Maandiko waone kama ni kweli (Matendo 17:11). Je, walikemewa? Hapana, walisifiwa! Basi hata mimi nikihubiri pale uwanjani, usinimeze mzima mzima. Nenda nyumbani kanichunguze.

Sasa uchague lipi? Yule Mwethiopia wa Matendo 8 alisoma kwa sauti garini mwake, ndiyo maana Filipo akamsikia. Jicho na sikio vilifanya kazi pamoja. Na bado hakuelewa, wala hakuona haya kuomba aelezwe, ingawa alikuwa mkubwa serikalini.

Fanya kama yeye. Chukua Marko, sura zake ni 16 tu. Asubuhi sikiliza sura moja ukienda kazini; jioni isome mwenyewe, polepole, kwa mdomo. Ukikutana na mstari unaokukera, usiuruke. Utie alama kwa kalamu, uje nao mkutanoni, utuulize mbele ya watu.