Neno ni la Msemaji au la Msikilizaji?

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuyaeleza mazungumzo kwa istilahi chache: msemaji, msikilizaji, ujumbe, na jibu linalomrudia msemaji. Istilahi hizi ni sahihi, lakini zaficha swali moja la maadili. Ikiwa msemaji amekusudia jambo moja na msikilizaji akasikia jingine, neno lile ni la nani, na lawama ni ya nani?

Swali hili halijitokezi wazi pale ambapo wote wamelelewa katika lugha moja. Tulitazame, basi, huko Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanyika pande mbili. Jirani zao wa Tororo ni Wapadhola, ambao lugha yao ni jamaa ya Kijaluo. Watu hawa wakutanapo sokoni na wageni wa kutoka mbali, aghalabu Kiswahili ndicho kiwaunganishacho.

Lakini Kiswahili hicho hakikuingia pande zote mbili kwa mlango mmoja. Upande wa Kenya mtoto hukipata shuleni, redioni na sokoni. Upande wa Uganda kilijulikana kwa miaka mingi kuwa lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wapo walioishi chini ya utawala wake, hadi 1979, ambao walikizoea zaidi katika amri: simama, kaa chini, leta. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini sheria haifuti kumbukumbu.

Tuchukue mfano. Mchuuzi wa Busia amwambia mama mtu mzima aliyetoka Tororo: "Leta pesa." Kwake yeye hayo ni maneno ya kawaida ya biashara. Mama asikia sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Kisarufi hapana kosa lolote.

Mchuuzi aweza kujitetea: "Sikukusudia kuamrisha, kumbukumbu zake si mzigo wangu." Hoja hii si ya kupuuzwa. Hakuna awezaye kuyajua yote yaliyompata mwenziwe, na msikilizaji akiachiwa mamlaka yote juu ya maana, kila neno laweza kugeuzwa tusi. Hata hivyo, nia hubaki moyoni. Kinachomfikia mwingine ni sauti. Mchuuzi alikuwa pia na maneno mengine, "Naomba pesa, mama," na kuchagua kulikuwa kwake. Kwa hiyo msemaji hawajibiki kwa kumbukumbu za mwenziwe, bali kwa uchaguzi wake mwenyewe. Msikilizaji naye ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuhukumu, maana kuuliza si ujinga.

Neno, basi, ni mali ya shirika. Ushahidi tunao papo hapo mpakani. Waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili walinadi safari kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakalikariri: boda boda. Leo pikipiki zimeshika nafasi ya baiskeli, na neno lenyewe limeenea Afrika Mashariki nzima. Halikuundwa na kamati, wala hapana aliyelilazimisha. Lilipata maana kwa kuwa aliyeita na aliyeitika walihitajiana.

Hapa ndipo penye kazi yetu. Ngeli twazifundisha kwa bidii, lakini tofauti ya "leta", "ulete" na "naomba uniletee" twaipitia kama zoezi la viambishi tu. Yafaa mwanafunzi aelewe kwamba amri humfungia mwenziwe mlango, hali ombi humwachia nafasi ya kukubali, kukataa au kuuliza. Mwenye kuijua tofauti hiyo atavuka mpaka wowote na Kiswahili chake bila kumtia mtu hofu. Asiyeijua, hata akipata alama zote katika mtihani, bado hajafundishwa kuzungumza na watu.