Mchezaji na Ahadi Yake

Masomo: Zaburi ya 15, Mathayo 21:28–31



Mwezi huu halmashauri ya mtaa imeletewa shauri. Wazee wengine wanataka uwanja ulio nyuma ya kanisa ulimwe mihogo, kwa sababu, wasemavyo wao, mpira umewaharibu vijana. Wanataja nyumba ya mama mjane mmoja wa mtaa wetu. Vijana waliahidi mbele ya altare kwamba wataiezeka kabla ya mvua. Jumamosi ya kwanza ilipofika, walikwenda kucheza Mbamba Bay. Jumamosi ya pili wakaja wageni kucheza hapa. Sasa mvua zimekaribia, na nyasi za kuezekea zingali chini, zinaliwa na mchwa.

Wazee wana haki ya kukasirika. Lakini kabla hatujashika majembe, nawaombeni mnisikilize. Nataka kuwaelezeni habari za mchezaji mmoja, kisha habari zangu mwenyewe.

Mchezaji huyo alikuwa Mwingereza, jina lake Max Woosnam. Alizaliwa Liverpool mwaka 1892, lakini alikulia shamba, katika kijiji cha Aberhafesp huko Wales. Baba yake alikuwa padre wa Kanisa letu la Anglikana, ambaye baadaye alifanywa Arkidiakoni wa Macclesfield. Sisi wa ufuko huu tunaijua kazi ya Arkidiakoni. Kaburi la Arkidiakoni Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuzunguka ziwa hili kwa miaka mingi, liko pale Liuli.

Mungu alimpa kijana huyo vipaji vingi mno. Alipokuwa mwanafunzi, mwaka 1911, alicheza kriketi katika uwanja mkubwa wa Lord's, akapata mikimbio 144 katika zamu moja. Alipofika Chuo Kikuu cha Cambridge alikichezea chuo mpira wa miguu, tenisi na gofu. Mwenye kipaji kimoja hupata taabu ya kukitunza. Mwenye vinne hupata taabu ya kuchagua.

Mwaka 1914 alikuwa safarini kwenda Brazil na timu ya Corinthian, timu ya wachezaji wa ridhaa. Vita Kuu ikatangazwa, wakageuza safari kurudi kwao. Vita hiyo hiyo ilifika kwetu katika Agosti ya mwaka ule. Meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, palipoitwa wakati ule Sphinxhafen. Basi, ndugu zangu, msidhani kwamba mtu huyu aliishi dunia nyingine mbali na yetu. Woosnam alikwenda vitani akapigana Gallipoli na katika Ulaya ya Magharibi. Wenzake wengi hawakurudi. Yeye alirudi, na miguu yake yote miwili.

Baada ya vita alijiunga na klabu ya Manchester City, akicheza kama sentahafu. Hakupokea mshahara wa mpira. Alikuwa na kazi yake katika kiwanda cha mashine, akala jasho la kazi hiyo. Mara nyingine timu iliposafiri kwenda kucheza mbali, yeye hakwenda, kwa kuwa kazi ilimhitaji. Hata hivyo alifanywa nahodha, na katika msimu wa 1920 hadi 1921 klabu ilishika nafasi ya pili katika ligi ya Uingereza.

Sasa nisikieni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye somo letu. Mwaka 1920 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Antwerp, nchi ya Ubelgiji. Woosnam alikuwa amekwisha kukubali kuichezea nchi yake tenisi. Kisha akaombwa awe nahodha wa timu ya mpira wa miguu katika Michezo hiyo hiyo. Ninyi vijana mnaojua mpira, pimeni wenyewe uzito wa jambo hili. Kuvaa kitambaa cha nahodha wa nchi nzima! Nani kati yetu angelala usingizi usiku ule? Yeye alisema hapana. Alikwisha kutoa neno lake kwa watu wa tenisi, na neno hilo lilikuwa la kwanza.

Akaenda na raketi yake. Katika mchezo wa wawili wawili, yeye na mwenzake Noel Turnbull waliwashinda Wajapani katika fainali, wakapata medali ya dhahabu. Katika mchezo wa mwanamume na mwanamke, pamoja na Kitty McKane, akapata medali ya fedha. Nayo timu ya mpira ilifungwa na Norway mabao matatu kwa moja katika mchezo wake wa kwanza, ikarudi nyumbani.

Lakini jihadharini, wapendwa. Sikusudii kusema kwamba Mungu humlipa medali kila atunzaye ahadi. Kama mpira ungeshinda na tenisi ingeshindwa, neno la mtu yule lingekuwa jema vile vile. Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na mmoja wao ni yule aliyeapa kwa hasara yake mwenyewe na hakubadili. Haituahidi kwamba hasara itageuka faida siku ya pili.

Na hasara zilimjia. Mwaka 1921 alishinda Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili, pamoja na Randolph Lycett. Mwezi wa Machi mwaka 1922 akawa nahodha wa Uingereza katika mpira, wakaishinda Wales. Mwaka huo huo alivunjika mguu uwanjani, na tangu hapo mpira wake haukurudi ulivyokuwa. Alikuwa na umri chini ya miaka thelathini. Aliendelea na kazi yake kama watu wengine, akafariki mwaka 1965, akiwa na miaka 72. Miguu ya mchezaji ni ya kuazima, wapenzi. Mwenyewe huidai mapema. Neno lake ndilo linalobaki kuwa mali yake.

Nimesema nitawaelezeni habari zangu pia. Kabla sijawa padre nilikuwa kijana wa ufukoni kama hawa, na nilijua kupiga kasia na kupiga mpira. Mwalimu wetu wa dini, mzee mwenye miguu mibovu, aliniomba Jumamosi moja nimvushe kwa mtumbwi mpaka kijiji cha pili, kwa mgonjwa aliyekuwa akimngojea. Nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu, nitakuja asubuhi." Asubuhi wakaja wenzangu mbio. Mchezaji mmoja alikuwa na homa, nao walinitaka mimi. Nikajiambia kwamba Mwalimu atapata mtu mwingine. Sikutuma hata mtoto kumwarifu.

Mwalimu alikaa mchangani na fimbo yake na kitabu chake cha sala mpaka jua likawa juu. Kisha mwera ukaanza kuvuma, mitumbwi yote ikapandishwa. Akaenda kwa miguu, kwa njia ya miamba, akafika usiku. Mgonjwa alikuwa amekwisha kufa. Watu walisema kwamba tangu mchana alikuwa akiuliza, "Mwalimu amefika?"

Sisi tulishinda siku ile, mabao mawili kwa moja, na moja nilifunga mimi. Jumapili baada ya Misa nilitaka kupita mlango wa nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Hakunikemea. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mlishinda?" Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Akasema, "Vema," akaenda zake akichechemea. Nimesikia makaripio mengi maishani, hata ya Maaskofu, lakini hakuna lililonichoma kama swali lile.

Mimi nilikuwa yule mwana wa pili katika Injili, aliyemwambia baba yake, Naenda, asiende. Wala Bwana wetu hasemi kwamba mwana huyo alikuwa mlevi au mwizi. Huenda alikuwa kijana mwema. Pengine alikwenda kucheza.

Ndugu zetu Wamatengo wa milima ya Mbinga hulima ngoro. Wanachimba mashimo, na matuta yanayoyazunguka huzuia maji ya mvua. Mgeni hutazama mahindi akayasifu, lakini kinachoshikilia shamba mlimani ni matuta yale. Likibomoka moja lisizibwe, mvua hupita hapo na kuchukua udongo wa chini yake wote. Vipaji ni mahindi, ahadi ni tuta.

Kwa hiyo, wazee wangu, sikubali uwanja ulimwe. Kipaji hakikumharibu Woosnam, na mpira haukuniharibu mimi. Kilichoniharibu siku ile ni ulimi uliosema ndiyo kwa wepesi. Tukilima uwanja tutapata mihogo, lakini vijana watakwenda kucheza mahali tusipowaona. Tena tujiulize sisi wenyewe. Wangapi kati yetu tulisimama kwenye kisima cha ubatizo kama wazazi wa ubatizo wa vijana hawa hawa, tukaahidi mbele ya Mungu kuwalea katika imani? Ni lini mara ya mwisho tulipowatembelea? Nasi tuna nyasi zinazoliwa na mchwa.

Nanyi vijana wangu, sikuwaombeni muache mpira. Chezeni kwa nguvu zote mlizopewa. Mtume Paulo mwenyewe, katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 9, alitumia mfano wa wapiga mbio, wala hakuona haya. Lakini mkisha kusema ndiyo kwa mtu, hasa mtu asiye na nguvu ya kuwadai, jambo jipya likija, hata liwe tamu namna gani, lingojee zamu yake. Mjane hana filimbi ya kuwapulizia.

Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, nitakuwa kwenye nyumba ya mama yule na kamba na panga. Nyasi mpya nimekwisha kuagiza. Mechi itaanza saa kumi, nyumba ikiisha. Halmashauri itakutana Jumapili, nami nawaombeni wazee, mkija, mpite kwanza kutazama paa, ndipo mtazame uwanja.

Mungu atupe neema ya kutunza maneno yetu, kama Yeye atunzavyo yake kwetu sisi. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.