Kilicho Halali na Kilicho Kizuri

Mwenyezi Mungu anapowaagiza watu katika Kurani Tukufu wale vilivyomo katika ardhi, hataji sharti moja bali mawili: kiwe halali, tena kiwe kizuri (2:169). Ndugu wengi waingiao katika Uislamu hulijua upesi sharti la kwanza, wakaacha nyamafu, nguruwe na ulevi. Lakini sharti la pili husahauliwa, kana kwamba kila kisichoharimishwa chafaa kujazwa tumboni pasipo kipimo.

Hapa Maganzo, penye biashara ya almasi jirani na mgodi wa Mwadui, mtu aliyejaliwa fedha mara nyingi hubadili kwanza sahani yake. Ugali wa mtama au wa uwele, uliowalea wazee wa Usukumani, huonwa chakula cha shida. Mahali pake huja sembe nyeupe, chapati, maandazi na chai yenye sukari tele. Kitambi nacho husifiwa kuwa dalili ya neema. Baadaye, yakija maumivu ya magoti, shinikizo la damu au kisukari, wako waulizao ni nani aliyewaroga.

Ewe msomaji mpenzi, uchawi haumo katika jambo hili. Punje ya nafaka ina sehemu tatu: pumba kwa nje, kiini, na wanga. Mashine ya kukoboa huondoa pumba na kiini, ambamo mna nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Wanga uliobaki humeng'enywa upesi, sukari hupanda haraka katika damu, na njaa hurudi mapema. Dona, na mtama au uwele usiokobolewa, hushibisha kwa muda mrefu zaidi. Hali kadhalika choroko na dengu, zilimwazo mkoani Shinyanga.

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Hazrat Sahl bin Saad r.a. aliulizwa kama Mtukufu Mtume s.a.w. alipata kula unga mweupe safi. Akajibu kwamba hakuuona tangu alipopewa utume hata alipofariki. Shayiri ilisagwa, ikapulizwa, makapi mepesi yakaruka, na kilichosalia kikakandwa. Hatusemi kuwa sembe ni haramu, hasha. Lakini ikiwa bwana wa mitume hakupungukiwa heshima kwa unga wenye pumba, ni nani kati yetu atakayepungukiwa?

Basi atakaye kupunguza uzito haimlazimu kuapa kwamba ataacha ugali. Achague dona au mtama, apunguze kipande, aongeze mlenda, mchicha na choroko, na chai ainywe bila sukari. Ajue pia kwamba hata dona likiwa mlima hunenepesha. Ndiyo maana Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kuwa theluthi ya tumbo yatosha kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, na theluthi kwa pumzi. Wala asifanye pupa: nusu kilo hadi kilo moja kwa juma ni mwendo wa salama. Mgonjwa wa kisukari atumiaye dawa amwone daktari kwanza kabla ya kupunguza chakula au kufunga. Na mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe kamwe, kwani huweza kuwa na sumukuvu.

Wako wafungao Ramadhani nzima wakatoka wamenenepa, kwa kuwa kila magharibi hulipiza njaa ya mchana kwa vitumbua na uji wa sukari. Hao waliufunga mdomo tu. Tamaa waliiacha wazi.

Mtukufu Mtume s.a.w. alitufundisha kwamba mwili wetu una haki juu yetu. Magoti yaliyolemewa huona taabu katika rukuu na sijida. Usipunguze uzito ili usifiwe na watu, bali uihifadhi amana uliyopewa. Mwenyezi Mungu atujalie kula kilicho halali, tena kilicho kizuri, kwa kiasi. Amin.