Tulichoahidiwa na Tulichojiahidi

Familia inayojiandaa kwenda kula Krismasi kando ya Ziwa Victoria hupewa ushauri mmoja kabla hata mizigo haijafungwa: msitarajie makubwa. Nauli ya kwenda Homa Bay na Mbita itakuwa imepanda. Vyumba vitakuwa vimejaa. Ufuoni watu watasimama bega kwa bega, spika zitashindana kwa kelele, na watoto watapanga foleni mbele ya lile jumba la kujazwa hewa ili waruke dakika chache za kulipia. Basi tarajieni kidogo, nanyi mtafurahi. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na una ukweli ndani yake. Hata hivyo, naona umechanganya mambo mawili ambayo hayafai kukaa pamoja, na mchanganyiko huo unaharibu mengi zaidi ya sikukuu.

Mwanafalsafa Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian katika karne ya 2, alizungumzia jambo hili kwa kutumia mabafu ya umma ya dola la Warumi. Kabla hujaenda kuoga, alifundisha, jikumbushe mambo yanayotokea bafuni: wapo wanaorusha maji, wapo wanaosukumana, wapo wanaotukana, wapo wanaoiba. Uende ukiwa na nia mbili, kuoga na kuilinda nafsi yako isivurugike. Ukirushiwa maji, hakuna jipya lililokupata.

Tuangalie vizuri anachosema. Hamwambii mtu atarajie kuoga vibaya, wala hamwambii apunguze hamu yake ya maji. Anamtaka alijue bafu lote, pamoja na watu waliomo. Tarajio la mtu huyo limekuwa kubwa kuliko la mwenzake aliyewaza maji matupu, maana limebeba mambo mengi zaidi. Vivyo hivyo, anayeutarajia ufuo wa Desemba sawasawa anautarajia pamoja na moshi wa ngege wanaokaangwa, wadudu wa ziwani wanaoingia machoni jioni, mtoto wa jirani anayelia, na yale magugumaji ambayo upepo ukigeuka huweza kuufunika ufuo wote. Anajua pia kwamba ziwa lina kichocho, na kwamba swali la wapi watoto waingie majini halijibiwi kwa kubahatisha. Hajapunguza kitu. Ameongeza maarifa.

Kisha tuufikirie huo umati wenyewe. Kila mmoja anaulalamikia kana kwamba yeye hayumo. Lakini wengi wetu tunasafiri Desemba kwa sababu ndipo wengine nao wanaposafiri: binamu wa Mombasa, shangazi wa Kisumu, kaka aliyepata ruhusa ya siku chache kazini. Ufuo ungekuwa mtupu tungejiuliza kumetokea nini. Tamasha la utamaduni linalofanyika kisiwani Rusinga mwezi huo linasherehekea urithi wa Abasuba, watu ambao lugha yao imemezwa kwa sehemu kubwa na Dholuo. Uwanja wa tamasha hilo ukijaa mpaka usione jukwaa, ni kwamba kuna watu bado wanaojali. Mtu anayeomba tamasha lipungukiwe watu ili yeye apate nafasi ya kusimama anaomba jambo zito kuliko anavyodhani.

Na kile kinachoitwa kupunguza matarajio, kinafanyaje kazi hasa? Mwaka 1985 David Maister aliandika kuhusu saikolojia ya foleni, akaeleza kwamba mtu huridhika kwa kulinganisha anachoona amepata na alichokitarajia. Wenye biashara walishaelewa hilo. Bustani kubwa za michezo, zile za Disney zikiwemo, zinajulikana kwa kuandika kwenye vibao muda wa kungoja ulio mrefu kuliko ule halisi, ili mgeni akifika mbele mapema aone amepata faida. Yule mgeni anafurahi kwa sababu hajui. Mimi nikijiwekea kibao cha aina hiyo moyoni, nikajiambia kwamba safari itakuwa mbaya ili nifurahie ikiwa ya wastani, nitakuwa mwandishi wa kibao na msomaji wake kwa wakati mmoja. Mtu hawezi kujidanganya kwa uongo alioutunga mwenyewe asubuhi hiyohiyo. Kinachobaki ni unyonge: anasafiri akiwa tayari amekata tamaa, na watoto wanauona unyonge huo usoni mwake.

Mimi napendekeza tuulize swali jingine. Tusiulize tarajio ni kubwa au dogo. Tuulize ni nani aliyeahidi.

Chukua Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe. Ni mahali pa mwisho nchini Kenya ambapo korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopindia nyuma, bado anaishi porini, na wamebaki wachache mno. Hifadhi ina kilomita mraba 120, nyingi zikiwa za nyasi ndefu. Familia inaweza kuzunguka kutwa ione twiga na isimwone korongo hata mmoja. Ni halali kuhuzunika. Lakini kulalamika kunahitaji mtu wa kulalamikiwa, na korongo hakuahidi kitu. Shirika la Wanyamapori nalo, kwa ada ya langoni, linawajibika kwa hifadhi iliyotunzwa na wageni walio salama. Haliwajibiki kumleta mnyama barabarani. Ile picha ya korongo akisimama kandokando ya gari tuliichora wenyewe, nasi ndio tuliojiahidi.

Thimlich Ohinga, upande wa Migori, inanifundisha jambo hilihili kwa njia nyingine. Kuta zake za mawe makavu, yaliyopangwa bila udongo wala saruji na kufikia mita 4.2 kwa kimo mahali pengine, zinaaminika kuwa za karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Maneno hayo, urithi wa dunia, humjengea mtu jumba kichwani. Akifika anaona mawe, miti na ukimya, na kijana wake anauliza, ni haya tu? Swali la kijana ni zuri na lisikemewe. Apelekwe kwenye lango, aone lilivyo fupi na jembamba, ajue kwamba aliyeingia alilazimika kuinama akiwa hajui nani anamngoja ndani. Wajenzi walikuwa wanalinda watoto na ng'ombe wao. Sisi hawakututarajia kabisa, na deni la kutufurahisha hawana.

Hadi hapa Epictetus ananitosha. Ila kuna mahali namwacha, na ni mahali ambapo ule ushauri wa kutarajia kidogo unageuka kuwa hatari. Familia imefika gatini Mbita, inataka kuvuka kwenda kisiwa cha Takawiri au cha Mfangano. Mashua imejaa, watu wanazidi kuingia, majaketi okozi hayatoshi. Mama akiuliza, sauti nyuma yake inamwambia, mama, ni Desemba, vumilia. Hapana. Aliyepokea nauli ameahidi kukufikisha ng'ambo ukiwa hai. Tarajio hilo lina mwenye kuwajibika, na kulipunguza si busara. Mama huyo ana haki ya kushusha watoto wake na kungoja mashua nyingine, hata kama siku itapotea. Ni vivyo hivyo kwa vyoo safi penye umati, na kwa maji ya kunywa katika miji ambayo wakazi wake hununua maji kwa mitungi huku ziwa wanaliona. Watu wa pande hizi wameambiwa wavumilie kwa muda mrefu mno. Subira ya msafiri mbele ya foleni na subira ya raia mbele ya bomba kavu zisichukuliwe kuwa fadhila moja.

Umati na wageni si mambo ya Desemba peke yake. Tarehe 1 Juni 2025, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika mjini Homa Bay, katika Uwanja wa Raila Odinga, na mji ukafurika wageni. Karibu na Kendu Bay, si mbali na hapo, liko Ziwa Simbi Nyaima, na simulizi yake inahusu sherehe pia. Usiku mmoja kijiji kilikuwa kikila na kunywa. Akaja bibi kizee asiyejulikana, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, akaonywa aondoke. Mvua ikashuka, kijiji kikazama, pakabaki ziwa. Wengi huisoma kama simulizi ya ukarimu, na ndivyo ilivyo. Nami naona vilevile watu waliokuwa na picha kamili ya usiku wao, picha ambayo bibi kizee hakuwemo. Umati waliufurahia. Kilichowashinda ni mtu mmoja asiyepangwa.

Katika sikukuu za kwetu yupo mtu mwingine ambaye picha humsahau, ingawa bila yeye hakuna sikukuu. Baba anatarajia kupumzika. Watoto wanatarajia maji na soda. Dani, yaani bibi mwenye boma, anatarajia kuwaona wajukuu wote wameketi mahali pamoja. Matarajio hayo yote ni mema, lakini hayajitimizi. Anayeamka kabla ya jua kuparua samaki, kuchemsha maji ya kuoga na kusonga ugali wa watu 20 ni mke wa mwana, naye hakuahidi mtu lolote. Matarajio ya wengine yamegeuka madeni yake. Mara nyingi ni yeye pia anayeambiwa apunguze matarajio yake mwenyewe. Hapo swali langu la nani ameahidi linauma, na linafaa kuulizwa garini kabla ya kufika mji wa Rongo, wanaume wakiwa macho: samaki wa kesho wataparuliwa na nani, watoto watachungwa na nani ufuoni, na saa ngapi mama huyu naye atashuka ziwani.