Mzee na Chombo Chake: Jawabu ya Swali

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), tumeletewa swali na ndugu wawili wa Unguja, nasi tumeona tulijibu hapa kwa kuwa wenye haja nalo ni wengi. Wanasema: Baba yetu ana miaka 74. Goti lake la kulia halikunjiki vyema, na jicho lake moja limeingia mtoto. Killa alfajiri hupanda vespa yake kutoka Mwembetanga kwenda kusali Malindi, na jioni humsimamisha mjukuu wake mbele akaenda naye Darajani. Tumemsihi aache, amekataa. Je, tukiuficha ufunguo tutakuwa tumemuasi mzazi?

Wako watakaocheka kuwa sharia inaulizwa khabari za vespa. Wasicheke. Chombo hiki kilichoanza kuundwa Italia mwaka 1946 kimeachwa wazi katikati, hata mwenye kanzu hukaa bila ya kuinua mguu juu. Na kwa hivyo mzee asiyeweza tena kupanda pikipiki nyengine huweza kupanda hiki. Kwacho hufika msikitini, barazani, na mazikoni. Na mtu wa pwani akikosekana mazikoni mara tatu watu huanza kuulizana kama yu hai. Basi anayeuchukua ufunguo wa mzee hakuchukua kipande cha chuma. Amechukua jamaa zake, na amemlazimisha neno ambalo pengine hakulisema tangu utotoni, nalo ni kuomba apelekwe.

Na wana hawa si wa kwanza. Amr bin Al-Jamuh (r.a.) alikuwa mtu mzima tena kiguru, mwenye kuchechemea mno, naye ana wana wanne waliokuwa wakitoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.). Ilipofika siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, wanawe walitaka kumzuia, wakamwambia kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha kumpa udhuru. Akaenda kuwashitaki kwa Mtume. Mtume alimbainishia kwamba ni kweli, jihadi haimlazimu. Kisha akawageukia wanawe akawafahamisha kuwa si juu yao kumzuia. Akatoka, na siku hiyo akauawa shahidi.

Tazameni, enyi ndugu, jinsi hukumu ilivyopita. Udhuru ni rukhsa aliyopewa mwenye maradhi, nao haukufanywa kamba ya kumfungia nyumbani. Wana walikuwa na mapenzi, na walisema kweli, na juu ya hayo hawakupewa mamlaka juu ya miguu ya baba yao. Kwa hivyo twawajibu waulizaji: kwa miaka yake tu, au kwa goti lake tu, hamna haki ya kuuficha ufunguo. Miaka haiendeshi chombo. Wako wa miaka 20 ambao twatamani wanyang'anywe funguo zao leo kabla ya adhuhuri. Na huko Dar es Salaam wako walemavu wa miguu wanaoendesha bajaji kwa mikono yao na kutafuta riziki ya halali, wala hapana mwenye akili atakayesema wakae majumbani kwa sababu ya miguu. Tena na ajiulize killa mmoja wenu, faragha, kama amkhofia baba yake, au akhofia watu watasema nini mzee akianguka, au amechoka tu na wasiwasi na ataka alale usingizi wake.

Lakini jawabu haikwishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo nzito. Amr alipotoka na mguu wake mbovu, aliyekuwa khatarini ni Amr. Nafsi yake aliitoa mwenyewe, kwa khiari yake, mbele ya Mtume wake. Mzee wa Mwembetanga hapandi peke yake. Mbele yake yumo mtoto ambaye hakuulizwa, na njiani wamo watu wasiojua kwamba anayekuja haoni upande wa kushoto. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii hawakuliacha jambo hili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji kwamba aliye pamoja na mnyama hudhamini kinachoharibiwa na mnyama huyo, kiwe roho au mali, usiku au mchana. Ikiwa ndivyo kwa punda, mwenye akili na macho yake mwenyewe, itakuwaje kwa chuma cha zaidi ya kilo 100 ambacho hakina macho ila ya mpandaji? Na mwenye kuua kwa kukosea, Qurani katika Suratun Nisai, aya ya 92, imemwekea dia na kafara. Haikumwambia kwamba kwa kuwa hakukusudia basi hakuna kitu.

Nami nisijifanye kadhi wa wenzangu nikajisahau. Mwandishi wa maneno haya amepita miaka 60 na ana pikipiki yake. Mwaka uliopita, baada ya Maghrib, nilipita penye chuo wakti watoto wanatoka. Taa ya gari iliyonikabili ilinipiga machoni, na ilipokwisha kupita nikabaki kizani muda ambao zamani sikubaki. Nilipoona tena, mtoto wa kike alikuwa amesimama mbele ya gurudumu langu, juzuu yake kifuani, hata mkono wangu ungalimfikia. Sikumgusa. Mwenyezi Mungu ndiye aliyezuia, si breki yangu, kwani nilikuwa sijaibana. Nyumbani sikumwambia mtu. Niliona haya, na haya ile ilikuwa juu ya ujana wangu uliopotea zaidi kuliko juu ya mtoto yule, na hilo ndilo linaloniuma hatta leo.

Baadaye tabibu alinieleza kuwa mboni ya mzee hupungua kufunguka, na kioo cha jicho hugeuka rangi, ikawa nuru iingiayo jioni ni haba na jicho huchelewa kurudi likipigwa na mwanga. Na chombo kiendacho kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa killa sekunde moja. Mzee akichelewa sekunde hiyo moja, tayari amekwisha kupita mahali pa mtoto. Tangu siku hiyo sipandi baada ya jua kuchwa, na simpakii mtu.

Basi hayo ndiyo twamtakia baba yenu ayapime mwenyewe, kama apimavyo ushahidi wa mtu mwengine asiyemjua. Mkono wa kulia waweza kubana breki ya mbele kwa nguvu mara kumi bila ya kuuma? Mguu wa kulia, wenye goti lile, wafika juu ya breki ya nyuma upesi? Mkono wa kushoto wageuza gea bila ya yeye kutazama? Jicho lile lenye mtoto amelionesha kwa tabibu? Mjukuu ashuke leo, hilo halingoji kipimo. Alfajiri na jioni ziachwe mpaka jicho litazamwe. Ikiwa mikono ni mizima na tatizo ni kusimamisha uzito, kuna vyombo vya magurudumu matatu, na si aibu kuvipanda.

Na kama amepimwa, ikadhihiri kuwa hawezi, naye ameshikilia, hapo kuwazuilia watu madhara ni wajibu, na kuuweka ufunguo si uasi. Ila uwekwe kwa kumwambia usoni, kwa adabu, si kwa kuuficha chini ya godoro kama wezi. Na mjue mnadaiwa nini siku hiyo. Itban bin Malik (r.a.) alikuwa akiwasalisha watu wake, macho yake yakadhoofika, na mvua zikinyesha bonde hujaa maji asiweze kulivuka. Alimweleza Mtume (s.a.w.) hali yake, akamwomba aje asali nyumbani kwake. Mtume hakumpa pole akaishia hapo. Alikwenda, jua lilipokuwa limepanda, pamoja na Abubakar (r.a.), wala hakuketi mpaka alipoulizia wapi apendelea asaliwe, akasali pale.

Kwa hivyo yule atakayeuweka ufunguo ndiye atakayesimama mlangoni kabla ya adhana ya alfajiri, chombo kiko tayari, bila ya kuitwa mara mbili na bila ya kupiga miayo mbele ya mzee. Ndiye atakayempeleka mazikoni hatta siku ya kazi, na amngoje amalize mazungumzo ya baraza. Asiyeweza hayo asiuguse ufunguo kabla hajamtafuta atakayeyaweza. Na mtoto wa jicho siku hizi hutolewa kwa operesheni, likatiwa kioo kingine, na wengi huona baadaye. Tabibu akisema jicho limepona, mzee akapimwa tena akaweza, arudishiwe ufunguo wake siku hiyo hiyo, bila ya kungoja auombe.