Jina la Ugonjwa na Hukumu Yake

Katika Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, Zambia, lugha ya nyumbani ni Kibemba. Lakini ng'ambo ya pili ya Ziwa Mweru, huko Kilwa na Pweto nchini Kongo, Kiswahili hutawala sokoni, na mashua zinazovuka na samaki huvuka na maneno pia. Huvuka na maradhi vilevile, kwani wavuvi na wachuuzi huhama kambi hata kambi, mbali na wake na waume zao.

Maradhi hayo, kaswende na kisonono na jamaa zao, sisi tunayaita magonjwa ya zinaa. Zinaa ni dhambi. Je, ni haki jina la ugonjwa limhukumu mgonjwa kabla hajapimwa?

Tumfikirie mke mja mzito aendaye kliniki ufuoni huko, mwanamke asiyepata kutoka nje ya ndoa yake. Atolewa tone la damu kidoleni, na dakika 20 hazijapita jibu limekuja: kaswende. Ugonjwa huu ni msiri. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, nacho hupona chenyewe, hata mtu akaishi miaka asijue kwamba anao. Mama asipotibiwa, mtoto aweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa nao. Lakini sindano moja ya penisilini, ikidungwa mapema, aghalabu humwokoa. Kumbe dawa ni rahisi. Kilicho ghali ni neno. Mama huyo hana budi kurudi nyumbani amwambie mumewe naye aje apimwe, na lugha tuliyompa kwa kazi hiyo ni lugha ya mashtaka: "Nimekutwa na ugonjwa wa zinaa." Amekutwa, kama mwizi akutwavyo na mali ya watu! Na mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende, yeye amezini na nani?

Tutajibiwa kwamba neno hilo liliwekwa makusudi, lipate kutisha. Hatukatai kwamba hofu ina kazi yake. Ila twaona kwamba humzuia mtu kwenda kupimwa kuliko imzuiavyo kutenda. Kando ya ziwa jingine, mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994 zahanati za vijiji kadhaa zilipewa dawa na wahudumu waliofunzwa kutibu magonjwa haya. Maambukizo mapya ya VVU yakapungua kwa kiasi cha asilimia 40 kuliko katika vijiji vilivyolinganishwa navyo. Waliotibiwa hawakuulizwa kwanza kama wamezini.

Nasi walimu tusijitoe. Mara ngapi tumemsikia kijana akisema, "Nimepima, niko safi," tukanyamaza? Ikiwa huyo ni safi, mwenziwe aliyepewa jibu jingine ni nini?

Wengine wamependekeza "magonjwa ya ngono", na kweli jina hilo halihukumu. Lakini nalo halitamkiki mbele ya wakwe, na katika nyumba zetu nyingi habari za uzazi hupitia kwa wakwe na mashangazi. Hapo hatuna jibu la kamusi. Kwa yule mama wa Kashikishi tungependekeza sentensi isiyo na zinaa wala ngono ndani yake: "Mume wangu, mtoto wetu anahitaji dawa, nasi pia, kesho twende sote."